Karai, Moto na Punje: Historia ya Maumbo ya Chumvi ya Cheshire

Kasi ya chumvi kuyeyuka hutegemea ukubwa na umbo la punje zake. Wachemshaji wa chumvi wa jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, waliijenga biashara yao juu ya tofauti hiyo karne kadhaa kabla ya wanakemia kuieleza. Kutoka kisima kimoja walitoa chumvi laini ya mezani, chumvi ya siagi, chumvi ya vigae vyembamba na chumvi nene ya wavuvi. Kikemia zote zilikuwa kitu kimoja. Kilichozitofautisha ni ukali wa moto chini ya karai na muda ambao karai liliachwa bila kuguswa.

Chini ya bonde la mto Weaver yamelala matabaka mazito ya chumvi yaliyobaki baada ya maji ya kale kukauka. Maji ya ardhini yanayopita juu ya matabaka hayo hushiba chumvi, kisha huchipuka kama chemchemi au hupatikana kwa kuchimba visima. Warumi walichemsha maji hayo Middlewich katika makarai ya risasi, na vipande vya makarai hayo vimefukuliwa hapo. Daftari la Domesday la mwaka 1086 lilitaja nyumba za chumvi za Nantwich, Middlewich na Northwich. Katika karne ya 17 risasi iliachia nafasi chuma na kuni zikaachia nafasi makaa ya mawe, na mwaka 1670 watu waliokuwa wakitafuta makaa ya mawe huko Marbury, karibu na Northwich, walikuta mwamba wa chumvi badala yake. Mwaka 1732 mto Weaver ulifunguliwa kwa vyombo vikubwa. Tangu hapo makaa ya Lancashire yalipanda na mto, chumvi ikashuka nao hadi bandari ya Liverpool.

Karai la karne ya 18 lilikuwa sinia pana la vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa ribiti, refu kuliko chumba cha kulala na lenye kina kisichozidi sana goti la mtu. Moto uliwashwa upande mmoja, na moshi wake ukapitishwa chini ya karai zima kabla ya kutoka kwenye dohani. Mvuke ulijaa nyumba yote na kutokea kwenye nafasi zilizoachwa juu ya paa. Wachemshaji walifanya kazi vifua wazi kwa sababu ya joto. Walivuta chumvi pembeni kwa reki ndefu, wakaiinua kwa upawa mpana wenye matundu ili maji yachuruzike, kisha wakaishindilia katika kalibu za mbao. Sakafu ya karai nayo ilijifunga ganda gumu la jasi, ambalo lilizuia joto lisipite na lililazimika kuvunjwa kwa sululu kila baada ya muda.

Sifa moja ya chumvi ndiyo iliyoipa kazi hii sura yake. Gramu 100 za maji zenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban gramu 36 za chumvi. Yakifika nyuzi 100 hubeba gramu 39 tu. Shura ni tofauti kabisa: maji ya moto huibeba kwa wingi, na yakipoa huimwaga karibu yote, kwa hiyo mtengeneza shura huchemsha na kusubiri baridi. Kwa chumvi, kupoza hakusaidii kitu. Njia pekee ni kuyaondoa maji yenyewe kwa mvuke, na kasi ya mvuke hutoka kwenye moto. Mchemshaji aliyeutawala moto wake alikuwa ameitawala punje.

Mwaka 1808 kijana wa miaka 20 hivi, Henry Holland, mzaliwa wa Knutsford katika jimbo hilohilo, alichapisha taarifa kuhusu kilimo na shughuli nyingine za Cheshire. Ndani yake aliweka kumbukumbu nzuri ya moto wa makarai. Chumvi laini ya kalibu ilitoka kwenye maji yaliyochemka kabisa, kwenye Fahrenheiti 226, yaani Selsiasi 108 hivi, kwa kuwa maji yaliyoshiba chumvi huchemka juu ya nyuzi 100. Chumvi ya kawaida ilitengenezwa kwa moto wa Selsiasi 71 hadi 77, na karai likavunwa baada ya siku moja. Chumvi ya vigae ilihitaji nyuzi 54 hadi 60 na siku mbili. Chumvi ya wavuvi iliachwa kwenye nyuzi 38 hadi 43, joto linalokaribia la mwili wa mtu, kwa siku kadhaa.

Kinachotokea katika kila karai kinaeleweka vizuri leo. Maji yanapochemka kwa nguvu, mvuke hutoka haraka kuliko punje zilizopo zinavyoweza kuipokea chumvi inayobaki. Maji hupita kiwango cha kushiba, na mbegu za fuwele huzuka kila mahali kwa wakati mmoja. Zikiwa nyingi hivyo, zinagawana chumvi iliyopo na kila moja hubaki ndogo, huku mtokoto ukizigonganisha na kuzivunja pembe. Matokeo yake ni unga wa punje ndogo mno, unaoshikamana vizuri ukishindiliwa kwenye kalibu.

Moto ukipungua na uso wa maji ukitulia, mambo hubadilika. Maji hupotea usoni tu, kwa hiyo uso ndio hutangulia kupita kiwango cha kushiba, na fuwele huanzia hapo. Kila moja huanza kama kipande kidogo cha mraba kinachoelea, kikishikiliwa na uso wa maji ingawa chumvi ni nzito kuliko maji. Uzito wake hukizamisha kidogo, kingo zake za juu zikabaki sawa na uso, na chumvi mpya ikajishika kwenye kingo hizo pekee. Huzama tena kidogo, na ukingo mwingine mpana zaidi ukajengeka juu ya ule wa kwanza. Hatua kwa hatua hutokea piramidi ya pembe nne iliyo wazi ndani, kilele chake kikielekea chini, na kuta zake nyembamba zimepangika kama vidaraja. Mwisho uzito huishinda nguvu ya uso wa maji, na piramidi huenda chini. Mtu akichota moja kabla haijazama na kuitazama kwenye mwanga, atahesabu vidaraja hivyo kwa macho bila lenzi. Reki ikipita, piramidi nyingi huvunjika na kuwa vigae.

Kwenye moto mdogo zaidi, mbegu ni chache na kila moja hupata muda wa kutosha. Fuwele hukaa sakafuni, chumvi ikajipanga polepole kwenye nyuso zake zote, na baada ya siku kadhaa hutoka michemraba mizito, migumu, isiyo na uwazi ndani. Fuwele iliyokua kwa haraka hufungia matone ya maji ndani yake, na matone hayo huifanya iwe nyeupe kama maziwa. Ikitupwa motoni hupasuka kwa mlio. Fuwele iliyokua polepole hubeba matone machache na huweza kuwa angavu.

Wanunuzi walijua wanachotaka. Mtengeneza siagi alitaka chumvi laini, kwa sababu maji yaliyomo ndani ya siagi ni machache na yametawanyika kwa matone madogo. Punje nene isingeyeyuka yote, na mlaji angeisikia ikikwaruza menoni. Mtengeneza jibini alikuwa na daraja lake la chumvi, na wenye meza nao wakapendelea kalibu nyeupe ya kukwangua. Mteja mkubwa aliyekuwa upande wa pili ni mtu wa samaki.

Kupakia heringi katika mapipa ni kazi ya siku na wiki. Chumvi iliyonyunyizwa kati ya matabaka ya samaki huvuta maji kutoka kwenye nyama, na maji hayo huiyeyusha chumvi, yakawa maji makali ambayo samaki hulala ndani yake. Lakini samaki huendelea kutoa maji kwa siku nyingi. Kama chumvi yote ilikuwa laini, huisha mapema, na maji yanayotoka baadaye huyazimua yale yaliyotangulia bila chochote cha kuyarudishia ukali. Chumvi laini ina ubaya mwingine: huikausha ngozi ya juu ya nyama ghafla, protini zikagandamana, na njia ya chumvi kuingia ndani ikazibika. Samaki wa namna hiyo huonekana amekolea nje huku karibu na mfupa akianza kuoza. Punje nene hufanya vinginevyo. Huyeyuka kidogo kidogo, hukaa kati ya samaki na samaki wasibanane, na maji hupata nafasi ya kuzunguka.

Kwa sababu hiyo wavuvi wa Ulaya ya kaskazini walipenda chumvi ya jua kutoka pwani za Ufaransa na Ureno. Huko maji ya bahari yaliingizwa katika mabwawa ya udongo yasiyo na kina na kuachiwa jua na upepo, hadi punje kubwa zenye rangi ya kijivu zikakusanywa kwa reki. Mabwawa ya ghuba ya Bourgneuf, ya kisiwa cha Oléron na ya Setúbal yalilisha meli za wavuvi kwa karne nyingi. Majaruba ya chumvi ya pwani ya Afrika Mashariki, kama yale ya Gongoni na Bagamoyo, hufuata kanuni hiyohiyo, na chumvi ya mawe itokayo humo hukua nene kwa sababu jua, hata lile kali la Januari, ni moto wa polepole likilinganishwa na tanuri.

Waholanzi, mabingwa wa heringi, hawakuridhika na chumvi ya jua jinsi ilivyokuwa, kwa kuwa ilikuja na tope na chumvi nyingine chungu. Waliiyeyusha upya katika maji ya bahari, wakayachuja, kisha wakayachemsha kwa moto mdogo hadi wakapata punje nene zilizo safi. Mwaka 1748 William Brownrigg, tabibu wa mji wa Whitehaven, alichapisha kitabu kizima kuhusu utengenezaji wa chumvi ya kawaida. Alieleza njia ya Waholanzi kwa undani, pamoja na desturi yao ya kutia maji ya maziwa yaliyochacha. Kitabu hicho kilitoka wakati ambapo swali la chumvi lilikuwa la kitaifa. Jeshi la majini la Uingereza lililisha maelfu ya mabaharia kwa nyama ya mapipa, na chumvi ya kutegemewa kwa nyama hiyo ilinunuliwa kwa mataifa ambayo mara kwa mara yalikuwa maadui.

Miaka miwili kabla ya Brownrigg, Thomas Lowndes, mtu wa Cheshire ambaye baadaye mali yake ilianzisha kiti cha profesa wa falaki na jiometri katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alikuwa amechapisha njia yake ya kutengeneza chumvi ya visima iwe bora kama ya Ufaransa au kuishinda. Njia hiyo ilihusu moto wa taratibu na shabu kidogo. Brownrigg hakuiamini sana shabu. Kwa maoni yake ugumu na unene wa punje ulitokana na moto wa taratibu, na alikuwa karibu zaidi na ukweli. Hata hivyo desturi ya kutia vitu karaini ilikuwa pana. Ute wa yai na damu vilisafisha maji kwa kushika uchafu na kupanda nao juu kama povu, wakati gundi na siagi vilitumika kubadilisha punje yenyewe. Kila nyumba ya chumvi ilikuwa na kanuni zake, na nyingine zilifichwa kama urithi wa ukoo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka Uskochi, na ulitokana na dini. Kwenye pwani ya Firth of Forth, katika miji kama Prestonpans, maji ya bahari yalichemshwa kwa makaa ya mawe. Maji ya bahari yana chumvi asilimia 3.5 hivi tu, kwa hiyo ilibidi karai lijazwe tena na tena, na moto ulikuwa mkali siku sita za wiki. Siku ya Jumapili kazi ilikatazwa. Jumamosi moto ulipunguzwa na karai likaachwa lijiendee lenyewe hadi Jumatatu asubuhi. Chumvi iliyokutwa sakafuni Jumatatu haikufanana na ile ya siku nyingine: punje zake zilikuwa kubwa na ngumu, na uchungu wake ulikuwa mdogo. Iliitwa chumvi ya Jumapili na ikauzwa peke yake kama daraja la juu. Maji yalikuwa yaleyale, karai lilelile, na hata mtu aliyeliwasha ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba kwa siku moja moto uliachwa kwa amani.

Pamoja na yote hayo, sifa mbaya ya chumvi ya Uingereza iliendelea hadi mwanzo wa karne ya 19. Wafanyabiashara wengi wa samaki na nyama waliamini kwamba chumvi ya visima ni dhaifu kwa asili, au ina kitu kinachoozesha, au imepungukiwa na kitu ambacho bahari inacho. Vita dhidi ya Napoleon vilipofanya chumvi ya kigeni iwe ngumu kupatikana, imani hiyo ikawa na gharama kubwa. Mtu aliyeamua kuipima ni William Henry wa Manchester, mwanakemia ambaye tayari mwaka 1803 alikuwa ametoa kanuni inayobeba jina lake kuhusu kuyeyuka kwa gesi katika maji.

Matokeo yake yaliwasilishwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka 1810. Henry alikusanya chumvi za Cheshire za kila daraja, chumvi za Uskochi, za Lymington kusini mwa Uingereza, na za jua kutoka Ureno na Ufaransa, akazichambua moja baada ya nyingine. Katika kila sehemu 1000, chumvi za Cheshire zilikuwa na sehemu 982 hadi 986 za chumvi halisi. Zile za kigeni zilizosifiwa sana zilikuwa na 960 hadi 964 hivi. Chumvi ya kawaida ya Uskochi ilikuwa na kama 935, na ile ya Jumapili 971. Chumvi ya Cheshire basi haikuwa na upungufu wowote wa asili. Jambo la pili lilikuwa na uzito zaidi: kati ya chumvi laini ya kalibu na chumvi nene ya wavuvi, zote za Cheshire, tofauti ya kikemia ilikuwa ndogo mno kueleza kwa nini moja ilihifadhi samaki na nyingine ikashindwa.

Henry alihitimisha kwamba ubora wa chumvi kwa kila kazi unategemea ukubwa wa fuwele zake, ugumu wake na jinsi zilivyoshikamana. Chumvi ngumu yenye fuwele kamilifu hudumu kati ya matabaka ya samaki na nyama, ikayeyuka polepole kwa maji yanayotoka humo, na kwa njia hiyo ikaleta maji makali bila kukatika. Kwa kazi ya kutengeneza maji ya kuchovya nyama, chumvi laini inafaa vilevile, au hata zaidi, kwa kuwa huyeyuka upesi. Hitimisho hilo lina thamani kubwa katika historia ya kemia, kwa sababu lilitoka kwa mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kupima vitu vimeundwa na nini, na ambaye alipoona vipimo havitoi jibu alikuwa na ujasiri wa kutazama umbo. Pia liliwapa haki wachemshaji. Walichokuwa wakifanya kwa moto na reki kilikuwa sahihi tangu mwanzo, na dosari ilikuwa kwa wanunuzi waliopakia samaki kwa chumvi ya daraja lisilo lake.

Maelezo ya kihesabu yalichelewa. Mwaka 1897, huko Boston, Arthur Noyes na Willis Whitney walizungusha ndani ya maji vijiti vya vitu viwili vinavyoyeyuka kwa shida, asidi ya benzoiki na kloridi ya risasi, na kupima kiasi kilichoyeyuka kila baada ya muda. Walieleza kwamba utando mwembamba wa maji unaogusa kitu hushiba mara moja, na kwamba kasi ya kuyeyuka hulingana na pengo kati ya maji yaliyoshiba na maji yaliyo mbali na kitu. Pengo likiwa kubwa, kasi ni kubwa. Maji yanapokaribia kushiba, kasi huelekea sifuri. Wao waliufanya uso wa vijiti uwe karibu uleule kwa makusudi. Miaka michache baadaye wenzao wa Ujerumani, Erich Brunner na Walther Nernst miongoni mwao, waliingiza katika kanuni hiyo eneo la uso na unene wa utando, na mwaka 1931 Hixson na Crowell walitoa kanuni ya punje zinazopungua kadiri zinavyoyeyuka. Upimaji wa vidonge katika viwanda vya dawa umejengwa juu ya msingi huo hadi leo.

Kwa kanuni hizo pipa la heringi linaeleweka vizuri sana. Maji yaliyo ndani ya pipa karibu yameshiba, kwa hiyo pengo ni dogo na punje nene hukaa karibu bila kupungua. Samaki akitoa maji, ukali hushuka kidogo, pengo hufunguka, punje ikayeyuka kwa kiasi hichohicho, na pengo likafungwa tena. Punje nene ni ghala linalojifungua lenyewe kwa mahitaji. Chumvi laini haina ghala: yote imeshageuka kuwa maji siku ya kwanza.

Umbo lenyewe linaweza kukadiriwa kwa hesabu ndogo. Mchemraba wa chumvi wenye upande wa milimita 1 una uso wa milimita za mraba 6. Chumvi hiyohiyo ikifanywa kigae cha mraba chenye unene wa milimita 0.1, uso wake unafika milimita za mraba 21 hivi, mara tatu na nusu. Ikisagwa kuwa michemraba midogo 1000 yenye upande wa milimita 0.1, uso unafika 60. Lakini eneo la uso halitoshi kueleza kila kitu. Kitu kinachoyeyuka huliwa kutoka kila upande, na huisha pale nyuso mbili zinazotazamana zinapokutana. Kwenye mchemraba wa milimita 1, kila uso lazima urudi nyuma milimita 0.5. Kwenye kigae, milimita 0.05 zinatosha. Kama nyuso zote zinarudi kwa kasi moja, kigae kitaisha katika sehemu moja ya kumi ya muda wa mchemraba, sawa kabisa na michemraba midogo ya unene huo. Kwa hiyo kipimo kifupi zaidi cha punje ndicho kinachoamua muda wa mwisho, na piramidi ya vidaraja, hata ikionekana kubwa kwa macho, huyeyuka kama kitu chembamba kwa sababu kuta zake ni nyembamba.

Pembe na kingo nazo zina nafasi yake. Mwaka 1913 William Henry Bragg na mwanawe Lawrence walionyesha kwa miali ya eksirei kwamba ndani ya chumvi kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita. Chembe iliyo katikati ya uso laini ina majirani watano, iliyo ukingoni wanne, na iliyo kwenye pembe watatu tu. Yenye majirani wachache hung'oka kwanza. Ndiyo maana mchemraba wa chumvi ukiachwa katika maji yanayokaribia kushiba hupoteza pembe zake kabla ya nyuso na kuelekea umbo la mviringo, na ndiyo maana fuwele yenye kingo nyingi hutangulia kuyeyuka.

Vitu vilivyotiwa karaini na wachemshaji wa zamani pia vimepata maelezo. Mwaka 1783 Romé de l'Isle wa Ufaransa aliandika kwamba chumvi inayotoka katika mkojo hukua ikiwa na nyuso nane za pembetatu badala ya mchemraba. Kinachosababisha hilo ni urea. Kitu cha kigeni kikijishika kwenye uso wa aina moja, uso huo huchelewa kukua ukilinganishwa na mwingine, na fuwele huishia kuvaa nyuso zilizochelewa. Viwanda vya karne ya 20 viligundua kwamba kiasi kidogo sana cha ferosianidi ya sodiamu hufanya kazi kali zaidi. Huzuia nyuso za mchemraba zisiendelee, chumvi ikakua kwa kutoa matawi kutoka kwenye pembe. Chumvi ya matawi ni nyepesi, haigandamani, na huyeyuka upesi.

Biashara ya makarai yenyewe ilipanuka sana baada ya ushuru wa chumvi kufutwa mwaka 1825. Ardhi ya Northwich ilizama kwa sababu ya maji yaliyopompwa kutoka chini, na baadhi ya majengo ya mji yalijengwa kwa fremu za mbao ili yaweze kuinuliwa kwa jeki. Wamiliki wengi walijiunga mwaka 1888 katika kampuni moja kubwa, Salt Union. Kisha ikaja mitambo ya kuchemshia katika ombwe, iliyoanza Marekani na kufika Winsford mwaka 1905. Ndani ya mtambo uliofungwa, kanieneo ya hewa hupunguzwa ili maji yachemke kwa joto dogo, na mvuke wa chombo kimoja hupasha chombo kinachofuata. Makaa yaliyohitajika yalikuwa machache mno kuliko ya karai. Lakini maji yanayochemka na kuzunguka hutoa aina moja tu ya punje: michemraba midogo, inayolingana. Uwezo wa kuchagua umbo kwa moto ulipotea pamoja na karai.

Marekani ilipata njia yake ya kuuokoa uwezo huo. Kwenye mto St. Clair, katika jimbo la Michigan, kampuni ya Diamond Crystal ilitumia mtambo uliobuniwa na mvumbuzi aitwaye Alberger mwishoni mwa karne ya 19. Ndani yake maji ya chumvi hupashwa moto chini ya kanieneo, kisha huachiwa ghafla na kumwagwa katika makarai wazi, ambako piramidi huundwa usoni kama zilivyokuwa zikiundwa Cheshire. Kikombe cha chumvi hiyo kina uzito wa karibu nusu ya kikombe cha chumvi ya kawaida ya mezani, jambo ambalo wapishi wa huko hulazimika kulijua kabla ya kupima. Viwanda vingine hupata vigae kwa kubana michemraba midogo kati ya rola. Vigae hivyo ni vizito zaidi na havina kuta nyembamba za piramidi.

Cheshire yenyewe ilibaki na makarai machache. Kiwanda cha Lion Salt Works huko Marston, karibu na Northwich, kiliendelea kuchemsha kwa njia ya zamani kikiuza sehemu kubwa ya chumvi yake Afrika Magharibi. Vita vya Biafra viliharibu soko hilo, na mwaka 1986 kiwanda kikafungwa. Kilifunguliwa tena mwaka 2015 kama makumbusho. Huko Maldon, katika jimbo la Essex, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1882 bado huvuna piramidi kutoka kwenye makarai wazi kwa ajili ya meza. Viwanda vya vyakula vya kukaanga navyo vimerudi kwenye swali la William Henry kutoka upande wa pili. Chumvi nyingi iliyo juu ya kipande cha kiazi humezwa kabla haijayeyuka ulimini, kwa hiyo punje yenye uwazi ndani au nyembamba zaidi inaweza kutoa ladha ileile kwa chumvi kidogo. Wakaushaji wa samaki wa Norwei na Aislandi, kwa upande wao, hununua chumvi nene ya jua kutoka pwani za Bahari ya Kati.